Tabitha na Kiduha cha Makoko

Tabitha alikuwa mwanamke wa heshima zake huko vijijini Bunda, ila mikono yake ilikuwa haisikii la mtu. Ikiona gugu, haiulizi gugu ni la nani wala limesimama kwenye uwanja wa nani. Kuna mazishi alihudhuria, watu wanaimba upande huu, yeye akaonekana upande wa pili anapalilia kaburi la mtu asiyemjua. Kuna siku alilazwa kwa malaria, na wauguzi wakamkuta uani, chupa ya dripu kaiinua kwa mkono wa kushoto, wa kulia unasafisha maua ya daktari. Walimrudisha kitandani akiwa analalamika kwamba kazi imebaki.

Shamba lake la pamba na mtama lilijulikana. Wageni wa kilimo wakija kijijini hupelekwa kwake, na akisimama mbele ya wageni hutamba bila haya. Akiulizwa habari za kiduha, hucheka tu na kusema kwake hakijui njia. Kiduha, kwa asiyekijua, ni gugu lenye ua zuri la rangi ya waridi, zuri kiasi cha kumtia mkulima hasira, linalonyonya mizizi ya mtama chini kwa chini mpaka shamba zima linanyauka. Majirani walikuwa nacho. Tabitha, kwa kauli yake, hakuwa nacho, na hakuacha siku ipite bila majirani kukumbushwa.

Basi binti yake wa pekee, Hana, aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa Musoma mjini, akampigia simu.

"Mama, baba yake Yusto anataka muonane kabla hajaleta ng'ombe wa mahari. Anakukaribisha Makoko, hapahapa Musoma, utembee kwenye bustani ya mimea anayoisimamia."

"Nitembee bustanini nifanye nini?"

"Uangalie mimea."

"Mimea naangaliaga kila siku, mwanangu."

"Hii ni ya kuangalia tu. Hailimwi, haivunwi." Hana akaongeza, "Na haing'olewi, mama."

Kisha akamweleza kwa nini anaogopa. Mzee Baltazari, baba wa mchumba wake Yusto, alikuwa mtu mwema, lakini kwa mimea yake hakuwa na msamaha. Kaka mkubwa wa Yusto aliwahi kuleta mchumba pale bustanini, msichana akachuma ua moja la waridi na kulichomeka kwenye nywele. Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba mambo ya ng'ombe watayazungumza siku nyingine, na siku hiyo haijafika mpaka leo. Yule msichana sasa ana watoto na mwanamume mwingine, Tarime.

"Siku moja tu, mama," Hana akasema. "Hiyo mikono ilale siku moja tu."

Tabitha akaahidi, na aliahidi kwa moyo wote. Yusto alikuwa kijana mtulivu, fundi wa injini za boti, na Hana alimpenda. Mama mtu alitaka binti yake aolewe pale kuliko alivyowahi kutaka mvua.

Siku ya siku akashuka Musoma na jirani yake Nyangi, maana mwanamke haendi ukweni peke yake. Nyangi alikuwa mtu wa watu, lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Hana aliwapokea getini, na kabla hata ya kuwaamkia akampa mama yake mwavuli ashike mkono mmoja, na mkoba mzito ashike mkono mwingine.

"Mvua hamna," Tabitha akasema.

"Shika hivyohivyo, mama. Mpaka tutoke."

Mzee Baltazari akawajia amevaa koti la suti na buti za mpira. Naye zamani alikuwa fundi wa boti kabla mimea haijamteka, na mpaka leo huzungumza habari za mmea kama anaelezea injini ya mtu. "Karibu sana, mzazi mwenzangu," akasema, na kwa kuwa mikono ya Tabitha ilikuwa imejaa, wakainamiana tu. Yusto alikuwepo pia, lakini mama mkwe si mtu wa kusogelewa ovyo, kwa hiyo alitembea nyuma, kichaka hadi kichaka. Tabitha alimjua alipo kwa kikohozi chake cha adabu.

Wakaanza kutembea. Mzee aliwatambulisha mimea mmojammoja. "Huyu mtini alitoka kisiwani Rukuba, alikuja na boti akiwa mgonjwa hoi, majani yote yamedondoka. Huyu hapa hapendi kelele."

"Analiwa?" Nyangi akauliza.

"Haliwi."

"Anatibu?"

"Hatibu."

"Sasa anafanyaga nini?"

"Anakaa tu."

Nyangi aliutazama ule mmea kwa wivu mkubwa.

Tabitha alijikaza kisabuni. Walipofika kwenye njia ya mawe akaona ndago, gugu sugu, imechomoza kati ya jiwe na jiwe, changa, laini, inajiachia. Mikono ilikuwa na mwavuli na mkoba. Akavua ndara ya kulia bila kusimama, akaibana ile ndago kwa kidole gumba cha mguu na kidole cha pili, akavuta. Ikatoka. Kwenye jiwe la pili ikatoka nyingine. Hana aligeuka akamkuta mama yake anatembea kwa kuchechemea, mguu mmoja peku, uso umejaa amani.

"Mama."

"Mchanga umeingia kwenye ndara," Tabitha akasema, akaivaa.

Halafu wakafika kwenye mpamba, na hapo hata mimi namwonea Tabitha huruma kwa yaliyokuja baadaye, maana hapo alifurahi kweli. Kwao Bunda pamba haizeeki. Ikishavunwa inang'olewa na kuchomwa, ndiyo sheria, ili wadudu wasivuke msimu. Tabitha alikuwa ameng'oa pamba maisha yake yote, na mama yake vilevile. Sasa mbele yake ulisimama mpamba ambao hakuna mtu aliyewahi kuung'oa. Ulikuwa umemzidi kimo, shina gumu kama la mpera, maua ya njano huku juu, na pamba nyeupe ikining'inia huku chini bila mtu wa kuivuna.

"Sikujuaga kama inaweza kuishi," akasema polepole.

"Inaishi vizuri tu ikiachwa," Mzee Baltazari akasema.

Tabitha akaketi kwenye benchi lililokuwa karibu. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita, ndege wadogo wa manjano wanagombana juu, na kwa muda mrefu hakutaka kitu kingine. Alimwambia Hana kwamba sasa ameelewa kwa nini watu wanakuja mahali kama hapa. Hana akambana mkono kwa furaha, akaanza hata kuona ng'ombe wanaingia uani kwao. Nyangi akasinzia. Kule nyuma ya kichaka Yusto alikohoa kikohozi cha mtu aliyepata nafuu.

Laiti wangeishia hapo wakaenda kula. Lakini mwenye bustani akiona mgeni ameguswa, hana breki. "Mzazi mwenzangu, nyanyuka," akasema. "Sijakuonyesha jela yangu."

Jela ilikuwa ni kona iliyozungushiwa wavu, ambamo Mzee alipanda magugu mabaya ili wageni wa mjini wayajue kwa sura. Kibao kiliandikwa USIGUSE. Katikati, kwenye karai jipya, udongo wake umelowa maji ya asubuhi ileile, kilisimama kiduha. Kilikuwa kimechanua. Pembeni yake palikuwa na shina la mtama ambalo Mzee aliliweka ili kinyonye, na ule mtama ulikuwa wa njano, umeinama, unakufa huku umesimama.

"Huyu ndiye mfungwa wangu mkubwa," Mzee akasema kwa mapenzi. "Ona alivyochanua."

Tabitha aliuangalia mtama. Kwake ilikuwa sawa na kumkuta mwizi wa ng'ombe zake amekaribishwa chai na maandazi. Ahadi aliikumbuka, tena vizuri kabisa. Ila ahadi ilikuwa kichwani, na kichwa kilikuwa mbali na mikono.

"Nishikie kidogo," akamwambia Mzee Baltazari, akampa mwavuli. Kisha akampa na mkoba.

Mzee akapokea vyote kwa heshima, akageuka pembeni, akidhani mzazi mwenzake anataka kufunga kitenge vizuri. Alipogeuka tena, kiduha kilikuwa njiani, mizizi juu, kimeanikwa juani. Udongo alikuwa ameukung'uta kabisa, maana Tabitha hakuwa mtu wa kazi nusunusu.

Mzee alisimama na mwavuli na mkoba wa kike, akitazama chini.

"Mama Hana," akasema mwisho, "hicho kilikuwa changu."

Hana akaanza kulia. "Yusto, umeona?" Mzee akauliza kuelekea kichakani.

"Baba, mimi siwezi kumtazama mama mkwe," kichaka kikajibu.

"Misimu mitatu," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Wa kwanza hakikuota. Wa pili kikachungulia, kikafa. Mwaka huu ndiyo kimekubali."

"Kiduha kilikufa chenyewe?" Nyangi akauliza, usingizi wote umemtoka. Hakuna mkulima wa Bunda aliyewahi kusikia habari hiyo. "Ulikifanyaje, mzee? Tufundishe na sisi."

Mzee hakumsikia. "Aliyenipa mbegu alikuwa anaishi Suguti, naye amehama. Sasa nitakitoa wapi tena?" Akampa Hana mkoba na mwavuli, taratibu. "Nendeni mkale, wanangu. Mambo ya ng'ombe tutayazungumza siku nyingine."

Tabitha aliyasikia yale maneno, akayatambua. Alimtazama Hana, ambaye hakumgombeza wala kumlaumu, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio kama alivyofanya utotoni. Kisha alimtazama Nyangi, na mdomo wa Nyangi. Alijua mahali kiduha kilipo. Alijua vizuri sana, na alikuwa amekula kiapo cha kufa na siri hiyo.

"Kwangu kipo," akasema.

"Kipo wapi?" Nyangi akauliza.

"Nyuma ya kichuguu."

"Kichuguu kipi?"

"Kile nilichokuambiaga kina nyoka."

Nyangi akakaa chini palepale, kwenye majani yenye kibao cha kukataza watu wasiyakalie. Misimu yote ile alikuwa anazunguka mbali, hata mbuzi wake wakiingia kule aliwaacha warudi wenyewe, kumbe nyoka hakuwepo. Tabitha alisikia uso unamwaka. Aliona aibu kuliko siku yoyote aliyoikumbuka.

Lakini Mzee Baltazari alikuwa amemsogelea. "Kinachanua?"

"Kinachanua kuliko hicho," Tabitha akasema, na katikati ya aibu yote akajikuta anajivuna kidogo.

Mzee akafikiri. "Kikihamishwa kinakufa. Basi nikuzie kwenye beseni, na mtama wake. Siku utakayonipigia kuniambia kimechanua, siku hiyo nitaleta ng'ombe." Wengine walicheka, ila yeye hakucheka, na Tabitha akajua ni kweli.

Kabla hawajafika Bunda, habari ilikuwa imeshatangulia, Nyangi ana simu. Tabitha alikuta watu barabarani wanauliza hali ya nyoka. Akajibu kwamba nyoka hajambo, akaingia ndani, akachukua beseni lake la kufulia. Akalijaza udongo wa nyuma ya kichuguu, wenye mbegu za kiduha, akapanda mtama, akakaa kusubiri.

Nacho kiduha, ambacho miaka yote kilikuja bila kuitwa, sasa kimeitwa kikagoma. Mtama uliota, mzuri, wa kijani, hauna hata ugonjwa, na Tabitha akauangalia kwa uchungu. Alikibembeleza kiduha, halafu akakitukana. "Ulikuwaga huchelewi," akakiambia. "Nikikuhitaji ndiyo unajifanya mgeni." Majirani walikuja jioni kumtazama bingwa wa palizi ananyunyizia maji udongo mtupu. Hana akipiga simu hakuuliza hali ya mama, aliuliza tu, "Kimetoka?"

Kikatoka. Tabitha alipiga vigelegele peke yake uani. Kuanzia hapo alifukuza kuku, alifukuza mbuzi, na asubuhi moja mkono wake wa kulia ulipokiendea wenyewe, akaukamata kwa wa kushoto na kuurudisha. Kilipochanua alimpigia Mzee Baltazari, na wote wawili wakapongezana kwenye simu.

Ng'ombe walikuja. Mzee, na koti lake na buti zake, aliwapita wazee wote wa ukoo bila kuwasalimia, akaenda kuchuchumaa penye beseni, na wazee wakatazamana. Harusi ikapangwa, ikafungwa, na siku ya kumchukua Hana gari likaja mpaka uani.

Beseni lilipakiwa kwanza. Tabitha akasimama kwenye dirisha la gari, upande wa Mzee Baltazari, akitoa maagizo. "Maji asubuhi, kidogo. Jioni usimpe. Upepo wa ziwa mkingie. Mtama wake ukichoka, panda mwingine pembeni."

Mzee alirudia kila neno. Hana alikuwa ndani na gauni lake jeupe, amebanwa kati ya Yusto na beseni. "Na mimi, mama? Huniagizii kwa baba mkwe hata neno moja?"

"Wewe," Tabitha akasema, "ulikuwaga unaota popote, hata bila maji."

Gari likaondoka, naye akalia kwa sauti mpaka likapotea, na hata lilipokwisha kupotea hakunyamaza. Nyangi amekwishamwambia kila mtu kwamba Tabitha alikuwa anakililia kiduha. Tabitha amemwacha aseme hivyo.