Sindano Iliyochelewa Kumfikia Mama

Mama yangu alifariki wakati vita vikuu vya pili vikiendelea, siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu wa mwisho. Nilikuwa mdogo mno, sauti yake siikumbuki. Ninachokumbuka ni mgongo wake, joto lake, na kanga iliyonukia moshi na karafuu. Kisha mgongo ule haukuwapo tena.

Tulikaa Tabora mjini. Baba alikuwa seremala, aliyekuwa amemwoa mama huko Nzega. Baada ya msiba, dada yangu mkubwa, ambaye hata ungo alikuwa hajavunja, ndiye aliyetulea. Alimnywesha kichanga maziwa ya mbuzi kwa kijiko, na mimi alinisuka nywele huku akinifinya nikitikisika. Baba hakumtaja mama. Watu wakimpa pole alisema, "Kazi ya Mungu haina makosa," akarudi kwenye randa yake. Nilitamani mno kumuuliza baba kuhusu mama, alikuwa mtu wa namna gani, lakini uso wake ulinifunga mdomo.

Vita vikaisha. Dada akaposwa na kijana wa reli, akaenda kwa mumewe. Mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa alirudi kwetu kujifungua, kama ilivyo desturi. Akajifungua salama mtoto wa kike, shangazi yangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, dada alianza kutetemeka. Jua lilikuwa kali, naye anaomba blanketi. Shangazi aliinama kumfunika, akanusa harufu aliyoijua. Akaenda uani, akamkuta baba ameinamia ubao.

"Kaka," alisema, "ni ile ile."

Baba hakuuliza ipi. Aliiweka randa chini akaenda kuita wanaume. Wakambeba dada kwa kitanda cha kamba hadi hospitali ya serikali. Mimi nilifuata nyuma na kichanga kifuani, najiambia kwamba sasa ni zamu yangu ya kijiko na maziwa ya mbuzi.

Wodini tulipokewa na muuguzi, mama wa makamo mwenye msalaba shingoni. Daktari alimpima dada, akasema maneno machache. Yule muuguzi akatugeukia. "Ana homa ya uzazi. Tutampiga penisilini."

Neno hilo sikuwahi kulisikia. Niliona tu sindano zikichemshwa na dada akigeuzwa ubavu, mchana na usiku, kila baada ya muda mfupi, mpaka nikamwonea huruma. Alikuwa hatujui. Aliniita mama. "Mama, nipe maji," alisema, nami nikampa, nikimwonea wivu kwa kuwa yeye alikuwa na mama wa kumwita hata katika homa.

Asubuhi moja nilikuta shuka zake zimelowa jasho na mwili umepoa. Alifumbua macho, akaonja uji niliouleta.

"Huu uji hauna asali," alisema kwa hasira. "Tabora nzima mmekosa asali?"

Nilicheka huku nalia. Baba, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, alimfuata muuguzi.

"Sista, dawa hii mnayo tangu lini?"

"Imetufikia baada ya vita, mzee wangu."

"Na kabla yake?"

Muuguzi alimtazama, nadhani akaelewa. "Tulikuwa na vidonge, wachache viliwasaidia. Wengi tuliwapoza kwa vitambaa vya maji, tukaomba."

Baba alitoka akaketi kwenye ngazi. Nilimfuata. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti.

"Mama yako nilimleta hapa hapa," alisema. "Miaka yote nimedhani nilichelewa kumleta. Kumbe ni dawa iliyochelewa."

Pale ngazini ndipo alipoanza kunisimulia. Mama alikuwa akimwamsha kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kwao, na baba akimjibu kwa Kiswahili, mama anamnyima chai. Alitembea haraka, alipenda uyoga wa masika, aliimba vibaya na hakujali. Nilikunywa kila neno, na kila neno lilinizidishia kiu. Tangu hapo, nikiuliza, baba alijibu.

Siku hizi wajukuu wangu hununua vidonge vya jamii ya penisilini ile kwa kikohozi tu, wakaviacha nusu, na madaktari wanalalamika kwamba maradhi mengine yamezizoea dawa hizo. Mimi huwagombeza. Hawajui kinachonigombesha.

Dada alizaa wengine watano, akazeeka kwa raha. Siku moja tulikuwa tunachambua mlenda kibarazani kwake, akasema, "Unajua nimempita mama umri zamani sana? Siku nikikutana naye, itabidi yeye aniamkie shikamoo."

"Utaitikia?"

"Nitaitikiaje?" alisema. "Nitamlalia mgongoni tu."

Tulicheka, tukaendelea na majani yetu. Sasa dada naye ameondoka. Yeye angalau aliujua uso atakaoutafuta. Mimi namwomba Mungu anishike mkono, anioneshe mama ni yupi.