Kokwa za Tende za Mama

Leseni ya mwenzangu ilitiwa kwenye fremu, ikatundikwa juu ya kiti nilichokikalia miaka kumi na moja. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Ibra, na niliwafundisha wagonjwa wa sukari tangu kazi hiyo haijapata jina. Kisha ikaja amri: atakayefundisha lazima awe na leseni ya mwelimishaji wa kisukari, na leseni haipatikani ila kwa mtihani. Tulikwenda wawili, mimi na msichana wa Nizwa ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika sindano ya insulini. Yeye akafaulu. Mimi nikarudishwa mlangoni kupima presha.

Sitasema uongo, nilimwonea kijicho, hata chakula kikanishinda. Kiswahili chake cha kuokota kwa bibi yake, ambacho zamani kilinichekesha, sasa kilinikera.

Nilianguka kwenye mtihani wa vitendo. Waliniletea bibi mmoja ajifanye mgonjwa, wakamwekea kahawa na tende, nimhoji anavyokula. Nikambusu kichwa, nikamsogezea sahani, na alipoanza kula nikageuza uso. Ndivyo nilivyolelewa, mtu mzima hahesabiwi anachotia kinywani. Wasimamizi wakaandika kwamba sikuangalia wala sikuuliza. Mwenzangu, nilisikia baadaye, alihesabu kokwa sahanini.

Nikasema moyoni, leseni ya kukosa adabu hiyo.

Mama yangu naye ana sukari, na haikupata kushuka. Ilipofika zamu yake ya kliniki, sheria ni sheria, ikabidi nimkabidhi kwa yule yule. Nikasimama mlangoni na mashine yangu ya presha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Asubuhi bibi unakula tende mingapi?"

Nikatabasamu, maana jibu nilikuwa nalo. Miaka yote mama ameniambia tatu.

"Saba," mama akasema. "Na saba nyengine alasiri, kwa kahawa. Wakija wageni, wallahi sijui."

Msichana akaandika bila kushtuka. Akamwuliza kama ataweza kuanza na tano asubuhi, alasiri tatu. Mama akakubali papo hapo, yeye ambaye mimi nimembembeleza mpaka nimechoka. Uso ulinichoma.

Garini nikamwuliza kwa nini mimi alinidanganya.

"Wewe hukuniuliza hata siku moja," akasema. "Ulikuwa unaniambia, 'Mama, tatu tu, siyo?' Nami naitikia, nawe unageuza uso." Akavuta mkanda, akaufunga. "Yule kanambia nirudi Jumapili. Usinipeleke kwa mwengine."

Jumapili nikampeleka. Alipokuwa ndani nami niko nje, kijicho kilinikaba vile vile. Lakini mkobani nilikuwa na kokwa za asubuhi ile, nimezifunga kwenye karatasi. Nilikaa mbele ya mama akila, sikugeuza uso. Zilikuwa tano.