Nichapie

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilikuwa bado sijafungua kufuli la pili la duka langu la steshenari pale Kashai, nikasikia mtu nyuma yangu ananiita kwa jina la utotoni. Saa naijua kwa sababu nina daftari ambalo naandika kila kazi inayoingia: saa, aina ya kazi, idadi ya kurasa. Mstari wa siku ile unasema: "Mwalimu. Daftari moja. Anataka maneno yake yasomeke kwenye simu."

Alikuwa amenifundisha darasa la tatu, na hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa alikuwa mjane, amestaafu, anaishi peke yake Nshambya na migomba yake. Mgongo ulikuwa umeanza kuinama, lakini sauti ilikuwa ileile, ya mtu anayesubiri jibu. Aliweka daftari juu ya mashine ya fotokopi. Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa rula: kushoto neno la Kihaya, kulia maana yake kwa Kiswahili. Niliyahesabu baadaye. Yalikuwa maneno 188, na mengi sikuwa nimeyasikia tangu bibi yangu afariki.

"Wajukuu zangu wa Dar wakija Krismasi," alisema, "ndizi ya kupika wanaiita ndizi, ya pombe ndizi, ya kuchoma ndizi. Waitu, jamani, ni sawa na kumwita kila binadamu 'mtu'."

"Lakini Mwalimu, si wewe uliyetuchapa kwa kusema Kihaya?"

Ilikuwa kweli. Aliyeteleza na kusema Kihaya uwanjani alivishwa kipande cha ubao shingoni, na jioni, yule ambaye ubao ulilala kwake alipata fimbo nne. Mimi niliuvaa mara nyingi.

"Nilikuchapa vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana."

"Basi sasa na wewe unichapie. Kwanza niwekee maneno haya kwenye simu za wajukuu, halafu unichapie kitabu."

Tulicheka. Kisha akaniambia sababu ya haraka yake, bila kubadilisha sauti. Mama yake alianza kusahau akiwa na miaka sabini, akaishia kumkaribisha binti yake mwenyewe kama mgeni. "Mimi nina sabini na moja. Juzi nimesimama mbele ya mgomba nilioupanda mwenyewe, jina lake halikuja. Limekuja jioni, nikiwa naosha vyombo. Nataka niwahi."

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada nilichonunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Kutokana na kitabu kile nilijua kutengeneza ukurasa wa tovuti kwa mkono, kwa kuandika msimbo mstari kwa mstari. Kwa njia hiyo ningemtengenezea jedwali, na kila neno lingefungwa na maana yake kama mbuzi na kamba: ukimhamisha mbuzi, kamba inamfuata. Ingenichukua wiki tatu. Na kila alipokumbuka neno jipya ingebidi anitafute mimi, kwa sababu hakuna mtu wa miaka sabini na moja ambaye ningemfundisha msimbo ule kwa haraka aliyoitaka.

Kwa hiyo nilichagua programu ya kujenga tovuti kwa macho. Ilikuwa ya bure. Unachukua kisanduku kwa kipanya, unakiburuta, unakiachia unapotaka, unaandika ndani yake. Unachokiona ndicho atakachokiona msomaji. Sentensi hiyo ilikuwa kwenye maelezo ya kampuni iliyoitengeneza na niliiamini, kwa sababu kwenye kompyuta, kwa miaka mitatu, ilikuwa kweli.

Sitaki kuisingizia programu ile. Mwalimu aliijua kwa siku mbili. Siku ya kwanza alishika kipanya kama anashika chaki, akakisukuma hadi kikaanguka kutoka mezani. Siku ya pili alikuwa anapanga visanduku vyake, kushoto neno, kulia maana, akirudi nyuma kwenye kiti kuangalia kama vimenyooka. "Hiki kimepinda," alikuwa akisema, na kukisogeza unywele mmoja. Kila Alhamisi alikuja na kikapu chake, akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, na mimi nikaendelea na fotokopi zangu. Daftari aliacha kulitumia. Maneno mapya yalitoka kichwani yakaingia moja kwa moja kwenye ukurasa. Mwishoni yalifika 528. Yaani 340 hayakuwahi kugusa karatasi. Kwa msimbo wangu wa mkono yasingefika hata hamsini. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu ni haki yake.

Hasara nayo nilikuwa nimeianzisha mwenyewe. Ili asipoteze muda, nilimwandalia visanduku vitupu, hamsini kwa mpigo, nikavirundika chini ya ukurasa. Yeye alichukua chochote kilichokuwa karibu. Tena alikuwa na desturi yake: Alhamisi moja anaandika maneno yote aliyoyakumbuka wiki hiyo, Alhamisi inayofuata ndipo anaandika maana, akianza na zile alizokuwa na uhakika nazo. Kwa macho, kila kitu kilikaa mahali pake. Lakini jicho ndilo lililojua kwamba neno la kushoto ni la maana ya kulia. Programu haikujua. Kwake vilikuwa visanduku viwili vilivyokaa karibu, kama watu wasiofahamiana kwenye benchi la zahanati. Nililiona jambo hili mapema, siku alipofungua ukurasa kwenye simu yake ndogo kwa mara ya kwanza.

"Mbona maneno yangu yamehama nyumba?"

Yote ya kushoto yalikuwa juu, maana zote zilikuwa chini. Niliyarudisha kwa kuburuta kisanduku kimoja kimoja, siku nne, nikaandika kwenye daftari langu: "Simu imerekebishwa." Ningepaswa kuandika jambo lingine kabisa.

Alinikumbusha kitabu mara tatu. Mara ya kwanza nilijaribu. Kurasa zilitoka vibaya: visanduku vilikatwa katikati, nusu ya neno ukurasa huu, nusu ukurasa unaofuata, na rangi ya kijivu ya nyuma ilikula wino. Printa ilihesabu kurasa kumi na nane kwa maneno ya wakati ule. Nikazichana. Kazi chafu haitoki dukani kwangu.

Mara ya pili nilimwambia nitaipanga upya kwanza.

Mara ya tatu maneno yalikuwa yamefika 528 na kurasa 42. Alikuwa na pesa mkononi, zimekunjwa ndogo.

"Nichapie hivyohivyo, tata," alisema, akiniita baba kwa Kihaya. "Hata kama imepinda."

"Mwalimu, utakuwa umetupa hela. Nikishaipanga, itabidi uchapishe tena."

"Na ikipotea?"

"Iko mtandaoni. Haipotei."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyejibu haraka mno. Kisha akazirudisha pesa kwenye pindo la kanga.

Miezi michache baadaye aliacha jiko linawaka akaenda kanisani. Jirani aliuona moshi. Binti yake, ambaye ameolewa Kagoma, Muleba, na ana shamba la migomba na kahawa, alikuja na gari la kukodi akamchukua pamoja na godoro, sufuria na kuku wawili. Alhamisi zikaisha. Kompyuta ya pembeni nikawapa wanafunzi waliokuja kuandika barua za kuomba kazi.

Ndipo ikaja barua pepe ya kampuni, kwa Kiingereza cha upole. Toleo la zamani la programu litafungwa baada ya siku sitini. Kurasa zote zitahamishiwa toleo jipya, lililo bora zaidi kwa simu. Mwenye ukurasa hahitaji kufanya lolote. Niliisoma mara mbili, nikaandika tarehe kwenye daftari, na kwa muda wa siku zile sitini, nikiwa nimekaa mita moja na nusu kutoka kwenye printa, sikufanya lolote.

Siku ya sitini na moja nilifungua ukurasa saa tatu na dakika tano asubuhi. Toleo jipya halikuruhusu kisanduku kuelea popote. Lilikuwa limevishika vyote na kuvipanga safu moja ndefu, kimoja chini ya kingine, kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa. Nadhani ni kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao, nami ndiye niliyevizaa hamsini hamsini vikiwa vitupu. Maana tatu zilifuatana, kisha maneno saba, kisha maana moja. Hakuna herufi iliyopotea. Kilichopotea ni ujirani tu.

Niliwaandikia. Walijibu siku ya pili, kwa adabu, kwamba toleo la zamani limeshafutwa. Hapakuwa na kitufe cha kupakua nakala, na hakikuwahi kuwapo. Hilo lilikuwa kwenye masharti, na masharti nilikuwa nimeyasoma.

Nilianza kazi ya kuoanisha. Maneno 188 ya daftari niliyarudisha kwa siku moja, daftari lilikuwapo. Yale 340 niliyachapa kwenye vikaratasi, maneno upande mmoja wa meza, maana upande mwingine. Mimi ni Mhaya wa mjini. Niliweza 97 ambayo ningeapa. Nikaenda Kagoma na boksi la viatu lenye vikaratasi vilivyobaki. Binti yake alikaa nami ukumbini mchana kutwa, akaongeza 104. Yalibaki 139.

Kulikuwa na maana ambazo nilizisoma mara nyingi mpaka nikazijua kwa moyo. Sauti ya jani la mgomba likipasuliwa kwa mkono. Mtu anayefika msibani baada ya wengine kuondoka. Kahawa iliyoanikwa ikanyeshewa, ikaanikwa tena. Kumbe vitu hivi vilikuwa na majina, na majina yale yalikuwa humohumo boksini, chini ya vidole vyangu.

Mwalimu alitoka chumbani jioni. Nilisimama, nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ni wa darasa langu?"

"La tatu, Mwalimu."

"Kaa."

Nilimwekea vikaratasi vichache mbele yake. Alivisoma kwa sauti, kila neno na kiimbo chake sawasawa, kisha akaniomba kalamu nyekundu. Sikuwa nayo, binti yake alileta ya bluu. Akaanza kusahihisha. Aliongeza herufi niliyoiruka, akapiga mstari chini ya nyingine, akaandika pembeni: saba kwa kumi.

"Mama," binti yake alisema, "hili maana yake nini?"

"Hili nalijua. Msiniambie." Alifumba macho. Kuku alipita mlangoni. Alipoyafumbua, alimtazama binti yake, kisha mimi. "Haya, niambieni."

Nilikirudisha kikaratasi boksini, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua.

Tuliendelea mpaka alipochoka. Alioanisha arobaini na kitu, kwa haraka na kwa uhakika, lakini nilipochanganya vikaratasi na kumpa tena, alioanisha tofauti, kwa uhakika uleule. Nilikubali yale tu aliyoyarudia mara mbili. Yalikuwa kumi na sita. Yamebaki 123, na nimeyaweka kwenye bahasha mbili, maneno na maana, kwa sababu kuyalazimisha kungekuwa kuwafundisha wajukuu uongo kwa jina lake.

Niliandika orodha mpya kwa msimbo wa mkono, jedwali, kila mbuzi na kamba yake, maneno 405. Nimeichapa na nakala moja ninayo hapa mezani. Ni safi. Visanduku havijakatwa.

Nilipokuwa nafunga boksi siku ile kule Kagoma, alinishika mkono. Ghafla alinijua, aliniita kwa lile jina la utotoni.

"Ile kazi yangu, umenichapia?"

"Bado, Mwalimu."

"Waitu," alisema, na akaanza kutafuta pesa kwenye pindo la kanga. Pindo lilikuwa tupu. Binti yake akamshika taratibu, akamrudisha ndani.

Bei yangu wakati ule ilikuwa shilingi mia mbili kwa ukurasa. Kurasa zilikuwa arobaini na mbili. Siku aliponiletea pesa nikamkatalia, nilimwokolea shilingi elfu nane na mia nne.