Bomba la Kumi na Nne

Saa mbili asubuhi, Mama Matope amesimama kwenye ghala lenye baridi, koti limefungwa hadi kidevuni, na bado hajaanza kazi. Si baridi inayomzuia. Baridi ya humu ameizoea miaka kumi na tisa.

Ghalani hutunzwa matope yaliyochimbwa chini ya bahari, yamelala kwenye mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa kwa urefu. Kazi yake ni kuyafunika: kifuniko chekundu kwenye ncha iliyokuwa juu, cheupe kwenye iliyokuwa chini. Kazi nyepesi, utasema. Haya, na viatu je, hujawahi kuvigeuza?

Mwezi uliopita alikuwa akiosha vifuniko vya bomba la kumi na nne, simu ikalia: bintiye amekimbizwa leba. Akavirudisha haraka haraka bila kuangalia rangi, akatoka mbio. Mjukuu alizaliwa salama. Bomba ndilo lililomkaa rohoni.

Upande wa kifuniko cheupe kuna mchanga, wa chekundu tope laini. Mtaalamu wa miamba, ambaye wote humwita Daktari, akaandika kwamba zamani mto ulimwaga mchanga baharini, kisha milima ikadidimia, ukabaki kuleta tope tu. Ripoti yake inaondoka leo saa sita.

"Nikinyamaza hakuna atakayejua," anajisemea. "Ila mimi nitajua. Na nikisema, huenda ndiyo kwaheri ya kazi."

Anavuta trei yenye bomba hilo, anainamia mchanga. Ameosha ndoo za kutosha kujua kwamba punje nzito hutangulia kuzama, nyepesi zikafuata. Hapa nzito zimeelekea kifuniko chekundu, yaani juu. Vifuniko vimebadilishana.

Anamwita Daktari, anamweleza yote, simu na leba, bila kujitetea. Daktari anachungulia kwa lenzi, punje baada ya punje. Kisha anaigeuza trei. Kumbe milima haikudidimia. Mabamba ya ganda la dunia yalisukumana, milima ikapanda, na mto ukaanza kubeba mchanga hadi kwenye kina kilichokuwa kimetulia.

"Mama, nimelitazama bomba hili wiki tatu," anasema Daktari. "Hata mimi nilipaswa kuziona punje hizi."

Ripoti imezuiwa. Mkuu wa ghala ametaka maelezo ya maandishi, na hajasema zaidi. Sasa Mama Matope anachora mshale wa wino usiofutika, unaoelekea juu, kwenye kila bomba, yote mia tisa, kabla hajagusa kifuniko.

Imebaki miezi saba astaafu.

"Sina kubwa ninaloomba," anasema, akiukagua mshale kwa mara ya tatu. "Waniache nimalize, na nisipindue mlima mwingine."