Bi Zuhura Ameniomba Radhi kwa Kosa Nililolifanya Mimi

Admin, nifichie jina, na kampuni usiitaje, maana mjini huku tunajuana. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, kwetu ni Kaloleni, nimepanga chumba Makadara. Ni fundi wa kompyuta kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nataja umri ili mjue kwamba nilichofanya sikukifanya kitoto.

Mwaka jana bosi alitaka kompyuta zote za ofisi, arubaini na kitu, ziwekwe mfumo mpya. Kazi yenyewe ni hivi: unatengeneza kompyuta moja mpaka ikae sawa, kisha unachukua nakala yake na kuisukuma kwa mtandao kwenye nyingine zote kwa mpigo. Ukishabonyeza, kila mashine inafutwa na kuanza upya. Kwa hivyo faili za watu lazima zihamishiwe kwenye seva kwanza. Niliandika programu ndogo ya kuzihamisha, nikajiona fundi kwelikweli, na nikajisifu kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Sasa kuna mama mmoja wa kitengo cha nyaraka, nitamwita Bi Zuhura, ingawa silo jina lake. Ni mtu wa Kibokoni. Ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini, na kila Ijumaa alikuwa akiniletea mahamri na mbaazi. Programu yangu ilichukua vitu vya sehemu ya kwanza ya diski tu. Yeye vyake alikuwa akiviweka sehemu ya pili, ile tunayoiita D, kwa sababu fundi aliyenitangulia ndivyo alivyomfundisha. Ijumaa, siku moja kabla ya kubonyeza, akanifuata mwenyewe.

"Mwanangu, zangu mimi ziko kwenye D. Usije ukan'sahau."

"Bi Zuhura, wewe tena? Zako nishaziweka zamani," nikamjibu.

Sikuwa nimeziweka. Niliona aibu kumwambia kwamba ile programu niliyoisifia haina habari na D. Nikapanga kuzinakili kwa mkono baada ya chakula cha mchana. Nikaenda kula, nikarudi nikakuta printa ya bosi imegoma, ikawa ndiyo basi. Jumamosi asubuhi nikabonyeza, na kompyuta yake ilikuwa kwenye orodha pamoja na nyingine. Nilikuja kukumbuka saa saba mchana, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake na kioo kinang'aa upya. Nilijaribu kila njia ya kuzirudisha, nikaambulia vipande visivyofunguka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu zilitafutwa barua za wateja na nyaraka za makontena yaliyokuwa bado yamekwama bandarini. Hakuna kitu. Bi Zuhura akaninyoshea kidole mbele ya ofisi nzima: "Ni huyu alozifuta! Nalimwambia kwa kinywa changu!"

Bosi akatuita sote wawili. Nami, Mungu anisamehe, nikasema kwa upole kabisa, "Mimi nilihamisha kila kilichokuwepo. Labda mama alizifuta mwenyewe bila kujua. Hutokea kwa watu wa umri wake." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoniuma zaidi. Uongo peke yake ungetosha, umri wake niliutia wa nini?

Nani wa kubishana na fundi? Akapewa barua ya onyo, na baada ya miezi michache akaambiwa akapumzike kabla ya wakati wake. Siku anakusanya vitu vyake nilimsikia akimwambia mwenzake, "Pengine ni mimi. Mato yangu haya hayaoni tena." Mimi nilipandishwa cheo kwa kumaliza kazi haraka. Rekodi ya seva inayoonyesha kwamba D yake haikunakiliwa ninayo mpaka leo kwenye flashi. Sijui kwa nini sijaitupa.

Wiki iliyopita alinipigia simu niende kwake, kwamba anakwenda Hija. Mnajua desturi, anayekwenda Hija huomba radhi kwa watu kabla ya kusafiri. Mimi ni Mkristo, lakini nimekulia Pwani, uzito wa radhi naujua. Nilidhani anataka kuniaga tu.

"Ndoo uketi, mwanangu," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nalikusingizia mbele ya watu, nawe hukunijibu hata kwa ukali. Siwezi kwenda mbele ya Nyumba ya Mungu na jambo hilo moyoni. N'samehe."

Binti yake alikuwa pale akitutazama. Nikafungua kinywa ili niseme ukweli, na kilichotoka ni, "Nimekusamehe, Bi Zuhura."

Ndiyo, mimi ndiye niliyesamehe. Akashusha pumzi, akachukua daftari la watu atakaowaombea, akaandika jina langu. Akaniuliza na la mama yangu, akaliandika chini yake. Halua aliyoniwekea niliiacha sahanini.

Binti yake akanisindikiza mpaka mlangoni. Akaniambia mama siku hizi hata ujumbe wa simu hautumi mpaka mtu amsomee kwanza, anaogopa atabonyeza pabaya. Nilitembea mpaka Makadara nikitazama chini kama mwizi.

Nikisema, kazi sina, na mama yangu Kaloleni hana mwingine wa kumtazama. Rafiki yangu mmoja anasema, "Mwache mama wa watu asafiri na amani yake." Lakini amani gani hiyo, na mtu anaamini akili zake zimemtoka?

Anaondoka Alhamisi ijayo. Kunitukana mnaweza, mimi mwenyewe nimeshaanza. Ila mwenye busara aniambie: niende Kibokoni na ile flashi sasa, au nimngoje arudi? Nishaurini upesi, kabla hajafika huko akalifungua lile daftari na kulitaja jina langu.