Aliyoambiwa Mgeni

Baba, karani mpenda masihara, alicheka nilipomwambia kwamba pamoja na historia nilikuwa nimechukua masomo ya wanawake kama somo dogo chuoni.

"Unasomea kuwa mwanamke? Si mama yako angekufundisha bure hapa nyumbani?"

Nami nilitaka hasa hivyo. Mhadhiri alikuwa ametuagiza tuandike maisha ya mwanamke mmoja kama anavyoyasimulia mwenyewe, nikamchagua mama. Alinijibu huku akisuka kiondo chake, bila kuinua macho.

"Andika nilizaliwa Ukambani, nikaolewa, nikakuzaa. Yametosha."

Mwenzangu darasani, msichana wa mitaa ya matajiri ambaye mama yake hakuwa na nafasi ya kuhojiwa, akaomba aje kwetu Eastlands. Nilimleta mwenyewe, tena kwa madaha. Mama alimshika mikono yote miwili, akanituma soko la Burma nikanunue nyama ya mgeni.

Niliporudi, nilisikia sauti ya mama tangu mlangoni. Alikuwa anasimulia. Alicheka kidogo, kisha akalia, na kiondo kilikuwa kimeachwa sakafuni. Aliponiona, mama alijifuta machozi, akaniambia nikaioshe nyama.

Niliiosha hadi ikabaki nyeupe. Yule msichana hakujua hata kuwasha jiko la makaa, lakini alikuwa amekalia kigoda changu na kuambiwa yale niliyoyaomba muhula mzima!

Nilipomsindikiza stendi alikuwa bado anafuta macho.

"Mathe wako, aki, ni mtu wa maana sana."

"Alikuambia nini?"

"Amenikataza nisikuambie."

Sikungoja basi lake lije. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

"Mama, yule ni nani kwako? Mimi ndiye mtoto wako!"

Nilidhani atanijibu kama siku zote, kwamba kwao mambo ya ndoa binti huambiwa na nyanya au shangazi, si mama aliyemzaa. Alikiokota kiondo chake kwanza, akatafuta alipokuwa amefikia.

"Yule ataondoka nayo," alisema. "Wewe ungebaki nayo hapa, kila ukimpakulia baba yako."

Jioni baba alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akauliza kwa utani kama mgeni wetu alikuwa amejifunza kuwa mwanamke. Nilimpakulia nyama bila kumtazama usoni.