Ushuhuda Wangu Mwenyewe Njo Ulinishusha kwa Ndege

"Funga macho," munganga muzungu aliniambia. "Simama na mguu moja. Ila usilale, tafazali."

Nyuma yangu kulikuwa bantu saba mu mustari, kifua wazi kama minyi mwenyewe, tunangoja kupimwa kwa kazi ya ndege. Bote bakacheka. Enfirmie akacheka. Hata mwenye kufagia aliegemeza ufagio kwa ukuta apate kucheka muzuri.

Minyi, muntu wa miaka arobaini na mbili, nimesimama kama korongo, na munganga anasoma karatasi kwa sauti:

"Alilala siku makumi ine. Bakamuweka mu sanduku la maiti. Aliamuka wakati balianza kuimba."

Akanitazama juu ya miwani. "Njo weye?"

Njo minyi, bakubwa.

Salamu kwenu bote munaosoma kaye hii, daftari la cercle, kilabu chetu. Najua iliwekwa hapa karibu na radio ili tuandike mawazo ya bantu baliosoma, na mpaka leo tuko na kurasa kumi na moja juu ya nani alivunja glasi. Vumilieni kidogo. Leo ninaandika mambo yaliyonipata, na safari hii siongezi kitu. Mutaona sababu gani nasema "safari hii."

Nirudi nyuma.

Nilizaliwa upande wa Mulongo, kwa maji ya Lualaba. Nikiwa mutoto nilipata malali ya usingizi. Bantu ba lopitalo balipita kijijini banashika kila muntu shingo, bakapata tezi zangu zimevimba, bakanichukua na mtumbwi. Sindano kwa mugongo, sindano kwa mukono, miezi mingi.

Nilikuwa nasinzia muchana kama kila mugonjwa wa pale. Bukari ikiletwa, naamuka, nakula, nasinzia tena. Bengine baliokuwa kwa vitanda vya pembeni habakuamuka. Minyi nilipona. Enfirmie akanipa kitabu kidogo cha munganga, kila sindano imeandikwa, na mwisho tampo, muhuri wa lopitalo: amepona.

Njo yote. Hakuna sanduku. Hakuna kwaya.

Kitabu kile ninacho mpaka leo, mu bati ya biskwiti.

Kisha nikahamia Kamina, nikapata kazi ya kupakia mizigo ku gare ya treni, nikaingia kanisa. Sasa, mu kanisa yetu, muntu asiye na ushuhuda anakaa nyuma karibu na mulango, kwa vumbi. Bengine bako na simba aliyebakosa, bengine bako na sumu ya mama mukwe. Mwaka wa kwanza nilisimama nikasema: "Nilikuwa mugonjwa, Mungu aliniponya." Bakaitika amina kama bantu banaopitisha chumvi kwa meza.

Pasteri Yeremia akanivuta pembeni.

"Baba Kasongo, ushuhuda wako iko muzuri. Ila iko mufupi. Ulilala siku ngapi?"

"Sikuhesabu, pasteri. Nilikuwa mugonjwa."

"Lakini zilikuwa mingi?"

"Mingi."

"Basi."

Mwaka uliofuata zikawa siku saba. Kisha makumi mbili na moja. Kisha bageni bakatoka Kabongo, na kwa bageni huwezi kutoa siku makumi mbili na moja, nikatoa makumi ine. Sanduku lilitoka kwa Mama Rebeka wa kwaya. Aliniuliza tu kama jamaa habakutengeneza sanduku. Nikasema pengine. Mwaka uliofuata sanduku lilikuwa ndani ya ushuhuda, na misumari yake.

Nilipewa benchi ya pili. Sitawaficha, niliipenda ile benchi.

Na benchi ya kwanza alikaa nani, analia kuliko bote, anapangusa miwani na leso nyeupe? Zakaria, karani wa biro inayoandikisha bantu kwa kazi. Kalamu mbili mu mufuko wa shati. Nikifika kwa sanduku, amina yake inasikika mpaka ku gare.

Mushike jina lile.

Sasa ndege. Kampuni moja ilitafuta bantu beusi babili ba kuruka na mizigo: kuifunga, kuilinda njiani, kuishusha. Si kazi ya kuendesha ndege, ile bazungu banaifunika kama sufuria ya nyama. Lakini ni kuruka.

Minyi nimepakia vitu vya bengine miaka kumi na tisa. Vinaenda, minyi nabaki ku gare na alama ya kamba kwa bega. Na balisema ndege ile inapita juu ya Lualaba. Maji yale nilipita nimelala chini ya mtumbwi, mutoto, mama yangu amebaki kwa ukingo akizani hatanikuta tena. Alikufa mbele sijarudi. Nilitaka niyaone mara moja toka juu, nikiwa muzima, macho wazi.

Njo nilikuwa nataka kwa kazi ile.

Nikaenda kwa Zakaria. Akajaza karatasi.

"Magonjwa?" akauliza.

Nikaweka kitabu changu kwa meza. "Malali ya usingizi, mu utoto. Nimepona. Tampo iko pale mwisho."

Bakubwa, muniangalie muzuri hapa. Sikuficha. Yosefu, aliyeandikishwa mbele yangu, sikio lake la kushoto halisikii hata filimbi ya treni. Yeye alisema: "Hakuna." Munganga alimupima kwa kumunong'oneza upande wa kuume tu. Yosefu anaruka sasa. Kule juu balisema makelele iko mingi; pengine haimusumbui.

Zakaria hakufungua kitabu. Alikisukuma na kidole.

"Baba, hiki kinasema kidogo sana. Minyi nilisikia yote na masikio yangu. Acha nikuandikie muzuri."

Nilifikiri ananisaidia. Aliandika paje moja na nusu. Kifaransa cha mukono sikiwezi, ninasoma Kiswahili cha kitabu tu, na pole pole. Nilikaa pale nafurahi kuona wino mingi vile juu yangu.

Yaliyofuata kwa munganga mulikwisha kuyasoma pale mwanzo. Bado neno la mwisho la munganga. Nilimutolea kitabu, hakukishika.

"Karani anaandika ni weye mwenyewe ulisema, mbele ya bantu mia. Ni kweli ao ni bongo?"

Mujibu weye unayesoma. Nikisema bongo, ni uongo wangu, minyi ni mubongo, na babongo habapandi. Nikisema kweli, nitalala juu ya mizigo. Nikavaa shati.

"Nikikupandisha," akasema, anafuta jina langu, "tupakie na kwaya ya kukuamusha?"

Toka siku ile, ku gare jina langu ni Lazaro. Kapita, musimamizi wetu, ananiita vile hata kwa liste.

Nilimufuata Zakaria kwake. "Ndugu, kitabu changu kilikuwa mbele yako."

"Baba Kasongo," akasema, na uso wa upole, "ulitaka nifiche kazi ya Mungu mu makaratasi ya dosie?"

Pasteri naye: "Minyi sikukuambia useme makumi ine." Ni kweli, hakuniambia. Aliuliza tu, kila mwaka, kama zilikuwa mingi.

Fungu langu la makosa nalikubali. Niliongeza mu kanisa, sababu ya benchi. Nanyi munaosimama kule mbele na simba zenu, muangalie nani anashika kalamu. Lakini mu biro nilisema kweli, na kweli yangu ilisukumwa na kidole.

Zakaria, najua unasoma. Kila siku ya posho unapita hapa na kalamu nyekundu kusahihisha tulivyoandika. Leo acha kusahihisha maandishi.

Siku ya Mungu inayokuja, kanisani, bameniweka tena kwa liste ya ushuhuda. Nitakuja na bati ya biskwiti. Nitasoma kitabu changu, sindano moja moja, mpaka tampo. Kisha zamu yako. Simama mbele ya bale bale bantu mia, useme nani aliandika sanduku mu dosie bila kufungua kitabu cha munganga, na kesho yake, siku ya kwanza ya kazi, twende bote babili kwa munganga muzungu, useme tena.

Na munaojua sanduku lile liliingia mwaka gani, muandike hapa chini. Mama Rebeka pia.

Zakaria, nimekuachia nusu ya paje. Jibu na wino.